Moyo wa Mzazi na Bajeti ya Daktari

Dada zetu wapenzi, wa Unguja, wa Pemba, na nyinyi mliovuka maji mkaja kutafuta maisha huku bara kama sisi.

Kwa kawaida tukiandika hapa huwa ni mambo ya lesi na bitana, na kwa nini usimpelekee fundi kitambaa cha shela wiki moja kabla ya harusi. Leo mtuvumilie. Tumeulizwa mara nyingi na wateja, na wengine wameuliza kwa kunong'ona, kwa nini harusi ya mdogo wetu ilikuwa ndogo vile, ndugu zake wakiwa mafundi wa mashela. Jibu lake ni refu na linaanzia mbali, kwa hiyo tutaanzia huko.

Sisi ni ndugu wa tumbo moja. Chumba chetu cha kushonea kiko Madale, kando ya ile barabara inayotoka Tegeta kwenda Goba, charahani nne na meza moja ya kukatia. Tulimaliza kidato cha nne, tukasoma kozi ya ushonaji, tukaanza na sare za skuli kabla hatujathubutu kugusa shela la mtu. Nyumbani tulizaliwa wasichana wanne. Mkubwa wetu alifariki mwaka 2011, siku ya 29 baada ya kujifungua mtoto wake wa tatu. Wa mwisho, ambaye wakati huo alikuwa kidato cha tatu, leo ni daktari.

Dada alianza kuvimba miguu mimba ikiwa na miezi minane. Nani hajavimba miguu? Sote tulisema ni mimba. Akajifungua salama Unguja, alhamdulillah, mtoto wa kike, na arobaini ikaanza kama tunavyoijua: uji wa pilipili manga, mkaja tumboni, na shangazi yetu akija asubuhi na jioni kumkanda kwa maji ya moto. Wiki ya pili akashindwa kulala chali. Alilala amekaa, mito mitatu mgongoni. Usiku anakohoa, akienda msalani anarudi anahema kama aliyepanda ngazi. Hospitali tuliyompeleka, ambayo hatutaitaja, alisikilizwa kifua akapewa dawa ya kikohozi na vidonge vya homa ya mapafu. Tukarudi tena, tukapewa dawa nyingine. Mara ya tatu hatukurudi naye. Baadaye sana ndipo daktari mmoja alipotamka kwamba ulikuwa moyo, kwamba moyo ulichoka.

Na sasa sikilizeni hili, maana ndilo lililotufanya tuandike. Mama yetu aliamini ni maji ya moto. Hakusema hadharani, lakini katika familia neno halihitaji kusemwa hadharani. Shangazi alimkanda mno, joto likapanda moyoni. Kuanzia msiba ule mama na shangazi hawakukaa tena jamvi moja kwa raha. Salamu zilikuwepo, Idi walitumiana sahani, lakini hakuna mzazi mwingine katika ukoo aliyepelekwa kukandwa na shangazi. Yeye mwenyewe aliacha, akawa hamgusi mzazi hata wa jirani. Alifariki mwaka 2021 akiwa na mzigo ule. Allah amrehemu.

Mdogo wetu alipofika masomo ya ubingwa wa magonjwa ya ndani, akitaka baadaye abobee kwenye moyo, alikuja Madale siku moja ya Jumapili na karatasi alizochapisha. Ugonjwa wa dada una jina refu ambalo hatutawachosha nalo. Ni moyo kupanuka na kudhoofika mwishoni mwa mimba au katika miezi ya mwanzo baada ya kujifungua, kwa mwanamke ambaye kabla ya hapo moyo wake haukuwa na tatizo linalojulikana. Huonekana kwa kipimo cha eko, yaani ule mtambo wa mawimbi kama wa kuangalia mtoto tumboni, ila huu huwekwa kifuani. Bila eko daktari hukisia tu, na dalili zake zinafanana mno na uchovu wa kawaida wa mzazi.

Akatusomea. Kaskazini mwa Nigeria, kwa Wahausa, ambao ni Waislamu wenzetu na mzazi wao hukaa siku 40 vilevile, ugonjwa huu ni mwingi kuliko karibu popote duniani. Huko nako mzazi huogeshwa maji ya moto sana, na hunywa uji uliotiwa chumvi ya ziwani iitwayo kanwa. Madaktari waliokuwa Zaria miaka ya 1970 waliona joto na chumvi ile ndiyo sababu, na fikra hiyo ikakaa vitabuni. Kisha daktari wa moyo wa Kano, Kamilu Karaye, na wenzake walikusanya wagonjwa 244 kutoka vituo 14 nchini Nigeria, wakawalinganisha na wanawake 391 waliojifungua bila ugonjwa huo. Maji ya moto na uji wa kanwa havikuwatenganisha wagonjwa na wazima. Waliotengana nao walikuwa wanawake waliokosa skuli, wasio na kazi, waliokonda kupita kiasi, na waliowahi kupata kifafa cha mimba au ile presha inayokitangulia.

Mama alikuwepo siku ile, amekaa kwenye kiti cha wateja. Akauliza, "Hiyo imeandikwa lini?" Mdogo wetu akasema 2020.

Shangazi alikuwa hai mwaka 2020.

Hatukushona tena siku ile. Mama aliomba apelekwe kwa kaka yetu Mbezi, akaondoka bila kumaliza chai.

Mdogo wetu mwenyewe ndiye aliyetutuliza tusikimbilie kusema jambo limekwisha. Kano si Unguja, alisema, na mkando wetu si wa kwao. Kwetu sisi hajapima mtu, hivyo hakuna anayeweza kusimama akamsafisha shangazi kwa ushahidi wa huku kwetu. Tukamwambia basi pima wewe. Akacheka kile kicheko cha mtu anayejua bei ya kitu.

Hapo ndipo tulipojifunza neno tuzo lina maana gani kwa madaktari. Sisi tukisikia tuzo tunaona jukwaa, cheti na shada la maua. Kwao, hasa wanaoanza, tuzo ya utafiti ni pesa ya kuuliza swali. Unaandika swali lako, unaeleza utalijibu vipi na kwa gharama gani, unashindana na wenzako, na ukishinda unapewa fedha ukalijibu. Ukishindwa, swali linabaki ndani ya daftari lako. Mwanafunzi wa ubingwa hapa kwetu lazima afanye utafiti ndipo ahitimu, na wengi huulipia mifukoni mwao, ndiyo maana huchagua maswali ya bei nafuu: kupitia mafaili ya zamani, kuhesabu waliokuja na waliokufa. Si kwamba hawana maswali mazuri. Ni kama fundi anayejua kushona shela la shanga lakini mtaji unamtosha kununua kitambaa cha sare.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukimuuliza habari za wenzake, nani alifanya nini na nani alilipa. Aliyetupendeza kuliko wote ni Karen Sliwa wa Afrika Kusini. Mwaka 2010 yeye na wenzake walichapisha jaribio la wanawake 20 tu wenye ugonjwa huu wa dada. Walichukua dawa ya zamani ya kukausha maziwa ya mama, bromokriptini, kwa kuwa watafiti wa Ujerumani walikwisha kuona kwamba homoni ya maziwa ikikatika vipande inaweza kuumiza mishipa midogo ya moyo. Nusu wakapewa dawa hiyo juu ya matibabu ya kawaida, na mioyo yao ikapona vizuri zaidi. Wanawake 20, dada zetu! Tumeshona sare za harusi za watu wengi kuliko hao. Lakini jaribio lile dogo ndilo lililofungua njia ya majaribio makubwa, na mpaka leo madaktari hulijadili, maana dawa inakausha maziwa na si kila mama ana pesa ya maziwa ya kopo. Baadaye madaktari wa moyo wa Ulaya, na Sliwa akiwemo, walifungua daftari la wagonjwa wa dunia nzima: wanawake 739 kutoka nchi 49. Miezi sita baada ya ugonjwa kugundulika, asilimia 6 walikuwa wamefariki na karibu nusu moyo ulikuwa umerudi katika hali yake. Tuliposikia hilo mmoja wetu alilia. Maana tulikuwa tumekaa miaka yote tukidhani ugonjwa ule haukuwa na mlango wa kutokea.

Hapa nyumbani nako hakujalala. Upasuaji wa kwanza wa kufungua moyo Tanzania ulifanyika Muhimbili mwaka 2008, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilianza mwaka 2015 pale pale Upanga. Daktari Abel Makubi aliwafuatilia wagonjwa 427 wa moyo kushindwa kazi pale Muhimbili, akishirikiana na Taasisi ya Karolinska ya Sweden, na ikachapishwa 2014. Sababu kubwa kuliko zote ilikuwa presha ya kupanda, asilimia 45. Umri wao wa wastani ulikuwa miaka 55, yaani si wazee wa kuegemea fimbo. Daktari Pilly Chillo, mwanamke mwenzetu, mhadhiri wa Muhimbili, alichunguza mioyo ya wagonjwa wa kisukari akishirikiana na watu wa Bergen, Norway. Kule Mloganzila Afrika Mashariki imejenga kituo chake cha umahiri wa moyo kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kenya wakapewa figo, Uganda saratani.

Mmeona lakini? Sweden, Norway, benki. Pesa nyingi ya kuuliza maswali ya mioyo yetu imetoka nje, na mwenye pesa ana haki ya kubadilisha nia. Mwaka 2025 Marekani ilisimamisha utaratibu wake wa zamani wa kupitisha fedha za utafiti kwenda taasisi za nchi nyingine, na mdogo wetu aliwaona wenzake waliokuwa wanategemea mikataba hiyo wakitembea na simu mkononi kama wenye mgonjwa. Serikali inayo mifuko yake, COSTECH wana mfuko wa sayansi na teknolojia, na Wizara ya Afya inasomesha mabingwa na mabingwa bobezi kwa ufadhili uliopewa jina la Mama Samia. Ni jambo la kushukuru. Ila kumsomesha mtu ni kumpa charahani. Utafiti ni kitambaa, na kitambaa kinaisha kila siku.

Basi mdogo wetu akaomba. Tuzo ya kwanza, ya nje, ilimkataa kwa barua ya mistari minne. Sababu mbili: hana machapisho ya kutosha, na bajeti yake haielezeki. La kwanza lilimvunja moyo, maana ni lile la kuambiwa ulete uzoefu wa kazi kabla hujapewa kazi. La pili lilitushangaza sisi. Tukamwambia hebu lete hiyo bajeti.

Alileta. Karatasi moja. "Vipimo vya eko," halafu jumla. "Usafiri, 500,000." "Mengineyo."

Jamani, mengineyo! Mteja akituuliza kwa nini gauni ni laki nane, tukimjibu mengineyo atarudi? Sisi tunamwambia: lesi mita tano, bitana mita nne, zipu iliyofichwa, shanga gramu kadhaa, mikono ya fundi wa shanga siku tatu, umeme, na faida yetu hii hapa. Anaweza kulalamika lakini hawezi kusema haelewi. Tukafagia meza ya kukatia tukakaa naye mpaka saa saba usiku, na tunawaambia kweli, usiku ule tulijiona na sisi madaktari.

Tulimuuliza mama mmoja anatoka wapi. Akasema mfano Bunju. Kajifungua wiki gani? Ya pili. Basi huyo hapandi daladala, ana mshono na kichanga, ni bajaji au gari ya kukodi, na hatoki peke yake, anatoka na mama yake au wifi. Andika wawili. Wakifika wanasubiri saa ngapi? Nne. Basi watakula. Andika chakula. Akasema utafiti unataka mama arudi baada ya miezi sita apimwe tena. Hapo tuliangaliana tukacheka. Katika kazi yetu mteja akishalipa na kuchukua vipimo, kumrudisha aje kujaribisha ni vita. Unapiga simu mara tatu, namba imebadilika, kasafiri, mume kakataa. Na huyo anakuja kwa ajili ya shela lake mwenyewe! Mzazi ambaye amepona, anajisikia mzima, arudi kukaa foleni kwa ajili ya kitabu cha daktari? Weka pesa ya simu. Chukua namba mbili, ya kwake na ya mama yake, usichukue ya mume peke yake. Lipa nauli siku ile ile, mkononi. Na mwajiri msichana wa kupiga simu, usitegemee kupiga mwenyewe kati ya zamu na zamu.

Usafiri ule wa laki tano ukawa zaidi ya milioni mbili. Mdogo wetu akaogopa kwamba watamwona mroho. Tukamwambia kinachomfanya mtu aonekane mroho ni neno mengineyo.

Kuna fomu iliyotaka pia aeleze kwa nini yeye na si mwingine. Alikuwa ameandika kwa lugha ya hospitali, safi, haina mtu ndani. Tulimwomba aandike habari ya dada na mito mitatu. Alikataa kwanza, akasema si haki kufanya msiba wetu kuwa nauli. Tulimwelewa na hatukumlazimisha. Hatujui mwishowe aliandika nini, hakutuonyesha.

Mara ya pili alipata. Ni tuzo ndogo, ya madaktari wa moyo wanaoanza, lakini alipata, na watathmini waliisifu bajeti kwa jina. Tumeikata sentensi ile tukaibandika juu ya charahani.

Sasa turudi kwenye harusi. Posa ilikuwa imekubaliwa na tarehe imewekwa Mfungo Mosi. Mchumba ni mwalimu, mtu wa dini, hana makuu. Barua ya tuzo ikasema kazi lazima ianze mwezi ule ule, na fedha zitakuja kwa mafungu, fungu la kwanza baada ya mikataba kusainiwa na chuo. Mikataba ikakwama. Kwa nani haina haja. Ilikaa mezani mwa watu kwa miezi minne. Wakati huo kina mama walikwisha kuanza kuandikishwa, na mwezi ukipita hawarudi tena kuwa wazazi wa wiki mbili. Mdogo wetu alituomba tusimshonee shela la kifahari, ukumbi akaukataa, nikaha ikafungwa nyumbani Ijumaa baada ya swala, biriani kwa jamaa wa karibu na basi. Hilo tulilimeza.

Lililotuuma ni mahari. Alipopewa mahari yake aliitia kwenye vipimo vya eko na nauli za wazazi, ili kazi isisimame mpaka fungu lije. Mama alipojua alipandisha sauti ambayo hatukuisikia tangu msiba. Mahari ni haki ya mwanamke, si mkopo kwa wazungu. Na hapa, dada zetu, sisi wawili tunaoandika hatuko pamoja. Mmoja wetu anasema ni mali yake, Allah amempa yeye, na akitaka kuitia kwenye elimu yenye kunufaisha hakuna wa kumzuia, hata mumewe. Mwingine anasema vivyo hivyo ndivyo wanawake wanavyozoeshwa kuziba mashimo ya taasisi kwa dhahabu zao, na kwamba daktari mwanamume asingeulizwa mahari yake iko wapi. Tumebishana juu ya hili tukikata vitambaa, tukala, tukabishana tena. Fungu lilikuja mwezi wa tano. Amerudishiwa kilichorudishika. Mama bado ananuna.

Kuna jambo jingine la umri. Tuzo nyingi za wanaoanza huhesabu miaka tangu uhitimu, na miaka hiyo ndiyo ile ile ya kuolewa na kuzaa. Baraza la Utafiti la Ulaya humwongezea mama miezi 18 kwa kila mtoto aliyemzaa, na tulipoambiwa hivyo tulidhani tunataniwa. Kila mfuko wa kwetu ungefanya hivyo pia.

Na nyinyi mabibi harusi wetu, tusiwaache mikono mitupu. Mwaka jana alikuja binti kupimwa shela, tukiwa tumembana kiuno akaomba akae. Anahema. Mama yake akatufanyia ishara tunyamaze. Tulipobaki naye peke yake akasema ana moyo, valvu iliharibika utotoni kwa ile homa inayotokana na koo, na upande wa mume hawajui. Tulimpa namba ya mdogo wetu. Alichomwambia ndicho tunachowaambia: utafiti mmoja mkubwa wa ugonjwa huo, ulioongozwa na Liesl Zühlke wa Cape Town akiwa bado anasomea shahada yake ya uzamivu chini ya marehemu Profesa Bongani Mayosi, uliwaandikisha wagonjwa 3,343 katika nchi 12 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, pamoja na India na Yemen. Thuluthi mbili walikuwa wanawake, na umri wa kati ulikuwa miaka 28. Ndio umri wa wateja wetu. Na katika wale wa umri wa kuzaa, waliokuwa na njia ya kupanga uzazi hawakufika hata 4 kwa 100, ilhali valvu iliyobana inaweza kumuua mjamzito na baadhi ya dawa za kuzuia damu kuganda humdhuru mtoto tumboni. Si kwamba hawawezi kuzaa. Wengi huzaa, lakini baada ya kupimwa na kwa mpango na daktari. Yule binti alimwambia mchumba wake mwenyewe. Harusi ilichelewa, haikuvunjika. Kiuno tulikiachia inchi mbili.

Na ukiwa mzazi, au unamlea mzazi: akishindwa kulala chali, akikohoa usiku bila mafua, akihema kwa kwenda msalani tu, miguu ikizidi kuvimba badala ya kupungua, muulizeni daktari neno moja, moyo. Ulizeni eko. Wasipokuwa nayo waulize iko wapi.

Kazi ya mdogo wetu haijaisha, na matokeo hataki tuyaseme kabla ya wakati. Ila msichana wa kupiga simu tumempa sisi, ni mwanafunzi wetu wa ushonaji, ana sauti tamu na hakati tamaa.

Yule mtoto wa dada, aliyezaliwa 2011, tunaye hapa Madale, yuko kidato cha pili. Mwezi uliopita, akimsaidia mama yake mdogo kupanga makaratasi, alisoma kwamba watafiti waliowachunguza wanawake 172 wenye ugonjwa ule mwaka 2016 waliwakuta baadhi yao wana hitilafu ya kuzaliwa nayo, ile ile inayoonekana kwenye familia zenye udhaifu wa moyo. Usiku akaja kitandani kwetu akauliza, "Na mimi je?" Hatukuwa na la kumwambia. Alhamisi iliyofuata tulifunga chumba, tukampeleka. Alilala ubavu, akapakwa ule mafuta wa baridi, akashtuka, na kwenye kioo moyo wake ukawa unafungua na kufunga, haraka haraka. Uko sawa, alhamdulillah, na ataangaliwa tena akiwa mkubwa, na akiwa na mimba in shaa Allah.

Kwenye daladala ya kurudi alituuliza kwa nini moyo hauna rangi. Tukamwambia mashine ndiyo haionyeshi. Akasema kumbe, akatoa daftari lake la hesabu.